Kazi ya Kufikiri Darasani Inafanywa na Nani?

Hotuba kwa wakufunzi na wahadhiri wapya, siku ya kwanza ya mafunzo ya ufundishaji chuoni

Ndugu Mwenyekiti, wakuu wa idara, wahadhiri waandamizi mliotutengea asubuhi hii, wahadhiri wasaidizi na wakufunzi wapya: itifaki imezingatiwa, naomba niingie kazini.

Wengi wenu mmeingia katika kazi hii kwa mlango mmoja. Mlisoma vizuri, mkapata GPA ya 3.8 kwenda juu, idara ikawabakiza. Hakuna aliyewauliza kama mnaweza kufundisha. Mwalimu wa darasa la tatu amepita chuo cha ualimu, amekwenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, amekaguliwa akiwa na andalio la somo mkononi. Wewe unayekwenda kufundisha watu wazima mia nne umepewa ratiba, projekta, na ufunguo wa ofisi mnayogawana watu watano. Matokeo yake kila mmoja wetu anafundisha jinsi alivyofundishwa: anafungua slaidi, anasoma slaidi, anafafanua slaidi, muda unakwisha.

Nina swali moja tu leo, na yote nitakayosema yatalizunguka. Katika zile saa mbili za kipindi chako, kazi ya kufikiri inafanywa na nani?

Tazama inavyokuwa. Wewe umekesha na vitabu vitatu. Umechagua mfano huu ukauacha ule, umeona mahali ambapo mwandishi mmoja anapingana na mwenzake, umetafuta njia ya kuvuka. Asubuhi unasimama unatoa yote hayo yakiwa yamepikwa tayari. Mwanafunzi ananakili, na siku hizi hata hanakili, anapiga picha ubao kwa simu. Kipindi kikiisha nani ana jasho? Wewe. Basi na aliyejifunza ni wewe, tena ulijifunza jana usiku.

Tuna desturi inayotuficha jambo hili. Tangu shule ya msingi tumezoeshwa kuitikia. Mwalimu anasema, "Mmea unatengeneza chakula chake kwa kutumia mwanga wa...?" na darasa zima linamalizia, "Juaaa!" Anauliza, "Tumeelewana?" Tunaitika, "Ndiyooo!" Mtoto yule akifika chuoni havuti tena ile ndiyo, ila anatikisa kichwa. Mhadhiri anauliza, "Kuna swali?" Kimya. Mhadhiri anauchukua ukimya ule kama ushahidi kwamba mambo yamekwenda sawa, anafungua slaidi inayofuata.

"Kuna swali?" ni sentensi ambayo naomba muistaafishe. Asiyeelewa mara nyingi hajui ni kipi hasa hajakielewa. Anayejua kwamba hajaelewa haoni sababu ya kujianika mbele ya watu mia tatu. Na mwenye swali zuri kweli anaangalia saa, anaona muda wa chakula umefika, anajua akinyoosha mkono wenzake watamzomea. Ukitaka kujua kama wameelewa, inabidi uwape kitu cha kufanya ambacho asiyeelewa hawezi kukifanya.

Tukifanye hapa hapa. Weka kalamu chini. Lori limejaa mchanga, limegongana uso kwa uso na bajaji. Katika ule mgongano, nani amemsukuma mwenzake kwa nguvu kubwa zaidi? Kidole kimoja: lori. Viwili: bajaji. Vitatu: nguvu ni sawasawa. Vinne: inategemea nani alikuwa kwenye mwendo mkali. Usiseme kwa sauti. Fikiri nusu dakika. Sasa weka vidole kifuani, usivinyanyue juu, jirani asivione.

Naona kidole kimoja kwa wingi. Vinne vipo vipo. Vitatu ni vichache, na wengi wao nawafahamu, ni watu wa idara ya fizikia. (Kicheko.) Sijasema nani amepatia. Mtafute jirani aliyeonyesha idadi tofauti na yako, mshawishi. Dakika mbili.

(Ukumbi unachangamka kwa dakika mbili.)

Vidole tena. Vitatu vimeongezeka, na mimi sijafundisha kitu. Dada pale mstari wa nne umebadilisha jibu, tueleze kilichokubadilisha. Anasema jirani yake amemuuliza: ukiupiga ukuta ngumi, nani anaumia? Asante. Jibu ni kwamba nguvu ni sawa. Ni kanuni ya tatu ya Newton, mliikariri kidato cha pili na wengi mkapata vema. Bajaji inasambaratika kwa sababu ni nyepesi: nguvu ile ile ikitua kwenye kitu chepesi inakibadilisha mwendo kwa ghafla kubwa zaidi. Mlikuwa na kanuni kichwani, na mlikuwa na picha ya barabara ya Morogoro kichwani, na viwili hivyo havijawahi kukutanishwa.

Swali hili si langu. Mgongano wa gari kubwa na gari dogo ni wa zamani katika ufundishaji wa fizikia, mimi nimeleta bajaji tu. Aliyeifanya njia hii ijulikane ni Profesa Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard. Alifundisha fizikia ya mwaka wa kwanza katika miaka ya 1980, wanafunzi wakimpa alama za juu kwenye fomu za tathmini na wakikokotoa maswali magumu bila shida. Kisha akakutana na jaribio lililobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, maswali ya kawaida kabisa kuhusu nguvu na mwendo, yasiyo na hesabu. Akawapa wanafunzi wake. Mmoja akamuuliza: profesa, nijibu kwa namna ulivyotufundisha, au kwa namna ninavyofikiri mwenyewe?

Swali lile lingemnyima usingizi mhadhiri yeyote. Maana yake ni kwamba kijana amebeba vichwa viwili, kimoja cha mtihani na kimoja cha maisha, na chuo kimekuwa kikishughulika na kile cha mtihani.

Kuanzia 1991 Mazur akageuza vipindi vyake. Anaeleza kidogo, anauliza swali la kuchagua, kila mtu anajibu peke yake kwanza, kisha anaangalia hesabu. Waliopatia wakiwa chini ya asilimia 30 hivi, hakuna maana ya kuwaambia wajadiliane, watabadilishana makosa. Anarudia kufundisha kwa njia nyingine. Wakizidi asilimia 70, anafafanua kwa ufupi na kusonga mbele. Wakiwa katikati, hapo ndipo utamu ulipo: anawaachia wabishane na majirani, kisha wanapiga kura tena. Mara nyingi jirani anaeleza vizuri kuliko profesa. Yeye ameelewa dakika tano zilizopita, bado anakumbuka alipokwama. Profesa alielewa miaka ishirini iliyopita na amesahau kwamba jambo hili liliwahi kuwa gumu.

Wenzetu wananunua vifaa vya kubonyeza kwa ajili ya kura hizi. Sisi tuna vidole, na vidole havihitaji umeme.

Msiniambie hili ni la wanasayansi. Chukua uhasibu. Kampuni imelipa pango la mwaka mzima, shilingi milioni 12, tarehe 1 Oktoba. Mwaka wake wa fedha unaisha 31 Desemba. Gharama ya pango kwa mwaka huu ni ngapi? Machaguo: milioni 12, milioni 9, milioni 3, sifuri. Jibu ni milioni 3, miezi mitatu tu imetumika. Sasa angalia makosa, maana uzuri wa swali uko kwenye makosa yake. Aliyesema milioni 12 anachanganya fedha iliyotoka na gharama. Aliyesema 9 amepiga hesabu vizuri, ila amechukua sehemu ambayo bado ni mali ya kampuni akaiita gharama. Aliyesema sifuri anadhani gharama inaandikwa mkataba ukiisha. Magonjwa matatu tofauti, dawa tatu tofauti. Kwa "mmeelewa?" usingeuona hata mmoja. Na usikae ofisini ukibuni makosa ya kichwani mwako: chukua vitabu vya mtihani vya mwaka jana, makosa yamejaa humo, yameandikwa kwa mwandiko wa wenyewe.

Swali moja la namna hii linachukua dakika sita au saba. Mawili kwa kipindi yanatosha. Matatu ni mengi.

Hapa niguse jambo ambalo vikao vyetu hulikwepa. Unapowaambia wageukiane wajadili, watajadili kwa Kiswahili. Waache. Najua lugha ya kufundishia chuoni ni Kiingereza, najua mtihani utakuja kwa Kiingereza, na mhadhiri mmoja atapita koridoni asikie kelele za Kiswahili aseme umeshindwa kulisimamia darasa. Waache hivyo hivyo. Kijana anayefikiri kuhusu gharama na mali kwa lugha anayoimudu, kisha akatafuta maneno ya Kiingereza ya kulileta jibu mbele, amefanya kazi mbili na zote zina faida. Yule unayemlazimisha kuanza na Kiingereza anaogopa sarufi, ananyamaza, na wewe unamhesabu hajui uhasibu. Mimi huwa nasema wazi: mjadala kwa lugha yoyote, jibu la mwisho kwa lugha ya mtihani. Wanaotoka Kigoma, wanaotoka Bujumbura, anayetafuta neno kwa Kiha au Kirundi, shauri yake.

Ukishauliza, nyamaza. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, katika miaka ya 1970, alipima muda ambao walimu wa sayansi wanasubiri baada ya kuuliza swali. Ulikuwa karibu sekunde moja. Walimu waliojizoeza kusubiri sekunde tatu au zaidi walipata majibu marefu zaidi, tena kutoka kwa wanafunzi ambao hawakuwa na kawaida ya kusema. Sekunde tatu ni ndefu kuliko unavyodhani ukiwa mbele ya ukumbi uliojaa. Utasikia feni. Utataka kujijibu mwenyewe. Geukia ubao, kunywa maji, hesabu kimoyomoyo, fanya lolote lisilo na sauti.

Na usimchomoe mtu mmoja ghafla, "wewe mwenye shati la bluu". Mwenye shati la bluu akiaibika leo, wiki ijayo atakaa nyuma ya nguzo. Ita jozi baada ya kujadiliana: "Nyie wawili hapo, mmebishana nini?" Jibu likiwa na kosa, kosa ni la wawili, na mara nyingi ni la nusu ya ukumbi.

Mtaniuliza ushahidi, kwa sababu ninyi ni wasomi. Mwaka 2014 mtafiti Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 zilizolinganisha mihadhara ya kawaida na ufundishaji unaomshughulisha mwanafunzi, katika masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Kwenye mihadhara ya kawaida walioanguka walikuwa asilimia 33.8. Kwenye madarasa yale mengine, asilimia 21.8. Wekeni takwimu hiyo kwenye darasa la watu mia nne: karibu vijana hamsini wanaondoka kwenye orodha ya sapu, yaani mitihani ya marudio. Ninyi mnaosahihisha sapu wakati wenzenu wako likizo mtanielewa haraka.

Lakini sitawaficha ugumu, maana utawakuta wiki ya tatu na mtakimbia mrudi kwenye slaidi. Wanafunzi watalalamika. Watasema, "Huyu mwalimu hafundishi, anatuuliza tu." Wataandika hivyo kwenye fomu ya tathmini, na mkuu wa idara ataisoma. Louis Deslauriers na wenzake, hapo hapo Harvard, walilipima hili na kuchapisha mwaka 2019. Wanafunzi wa fizikia waliwekwa kwenye makundi, wengine wakasikiliza mhadhara safi wa mwalimu hodari, wengine wakafanya kazi wenyewe wakiongozwa. Waliofanya kazi walifaulu zaidi kwenye jaribio. Walipoulizwa, wao ndio waliosema wamejifunza kidogo. Ukimtazama fundi cherehani mzuri akikata kitambaa unaona kushona ni jambo rahisi. Ukikaa wewe kwenye cherehani ndipo unajiona hujui. Mwanafunzi anayetoa jasho anadhani jasho ni dalili ya kutojua.

Kwa hiyo waambie mapema. Wiki ya kwanza, kabla hujauliza swali hata moja, waeleze utafanya nini, kwa nini, na kwamba kutakuwa na wiki mbili za kujihisi kana kwamba hawajifunzi. Kisha baada ya jaribio la kwanza waonyeshe alama zao. Kijana wa chuo ni mtu mzima, ukimpa sababu anaipokea.

Malalamiko ya pili yatatoka kwenu: silabasi. "Tukikaa kuuliza maswali, silabasi tutaimalizaje?" Nami nawauliza, inamalizwa na nani? Silabasi huwa tunaimaliza sisi, wanafunzi bado wako wiki ya tatu. Orodha, historia fupi ya somo, fasili saba za waandishi saba, yote hayo mtu anaweza kuyasoma mwenyewe kitandani. Yatoe kwenye kipindi, yaweke kwenye kurasa chache za kusoma kabla, kisha uliza swali moja la kuanzia ambalo asiyesoma hataliweza. Kwa wale wa vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, mitaala yenu inadai umahiri, na umahiri hauonekani kwa mtu aliyekaa kimya.

Sasa kusoma kwenyewe. Tunawajua wanafunzi wetu, na tulikuwa wao juzi. Muhula unapita polepole, CA, zile alama za kazi na majaribio ya muhula, inakusanywa, halafu wiki mbili kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, watu wanakesha: desa zinazunguka, pasi pepa za miaka mitano zinatolewa fotokopi, mtu anasoma noti zile zile mara nne akizipaka rangi ya njano. Anaona anazijua, kwa sababu macho yamezizoea. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilijaribu hili mwaka 2006. Kundi moja lilisoma andiko fupi mara mbili. Jingine lilisoma mara moja, kisha likafunga na kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Yaani mbinu ya kukesha inafaa kama mtihani uko baada ya dakika tano. Anayeingia chumba cha mtihani saa mbili asubuhi anafaulu kwa hiyo, na mwaka wa pili unamuuliza kitu kile kile anakutazama kama hamjawahi kuonana.

Kinachofuata ni rahisi na hakigharimu chochote. Kila kipindi kianze na daftari zilizofungwa. Maswali matatu ubaoni: moja la kipindi kilichopita, moja la wiki mbili nyuma, moja la mwezi wa kwanza wa muhula. Dakika tano, karatasi tupu, hakuna alama, hakuna kukusanya. Kisha toa majibu. Usiweke alama, nasisitiza, ukiweka alama watadesa, wataibiana majibu, na utakuwa umeua kitu chenyewe. Wanaochelewa watakosa, na utashangaa jinsi wanavyoanza kuwahi.

Mwisho wa kipindi, karatasi ndogo: andika jambo moja ambalo bado limekukaa vibaya. Huna haja ya kusoma mia nne. Chomoa ishirini ukiwa unakunywa chai, yale yanayojirudia yatajitokeza, na kipindi kijacho kianzie hapo. Anza kwa kusema, "Wengi mmeandika kwamba..." Watajua mtu anazisoma.

Tuingie mtandaoni.

Machi 2020 vyuo vyetu vilifungwa kwa sababu ya korona, vikafunguliwa 1 Juni. Nchi jirani zilikaa muda mrefu zaidi. Katika kipindi kile watu wengi walijifunza Zoom na wakadhani wamejifunza kufundisha mtandaoni. Walichofanya ni kuuchukua ule mhadhara wa saa mbili wakauingiza kwenye simu. Kamera zimezimwa, majina sabini kwenye miraba myeusi, mhadhiri anauliza "mnanisikia?", mmoja anajibu ndiyo kwa maandishi, wengine wameacha simu kwenye chaji wamekwenda kufua. Na kufundisha kwa mbali hakukuanza na korona. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kikaanza kufundisha 1994, wakati huo ni moduli zilizochapwa na vituo vya mikoani. Watu walipata shahada hawajaona kompyuta. Kilichowabeba ni kwamba moduli ile ilikuwa na maswali kila baada ya kurasa chache, kazi za kutuma zenye tarehe, na mtu wa kuzisahihisha. Kazi ya kufikiri ilikuwa ya msomaji.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua jukwaa, piga hesabu ya bando. Saa moja ya Zoom yenye picha za watu wengi inaweza kula karibu GB nzima. Ujumbe wa sauti wa dakika tano kwenye WhatsApp haufiki hata MB 2. Kijana anayesubiri bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, anayenunua bando la usiku kwa sababu ni nafuu, atafungua kipi? Mambo ya kueleza yarekodi, yawe mafupi. Mtafiti Philip Guo na wenzake mwaka 2014 walichunguza mara milioni 6.9 ambazo watu walifungua video za masomo kwenye jukwaa la edX, wakakuta video fupi, zisizozidi dakika sita, ndizo zinazotazamwa kwa umakini. Ikiwa watu wenye intaneti ya nyumbani wanachoka dakika ya sita, wa kwetu mwenye kioo cha simu kilichopasuka atavumilia dakika arobaini?

Katika somo langu wiki moja ya mtandaoni inakwenda hivi. Jumatatu asubuhi naweka kwenye Moodle, mfumo wa masomo wa mtandaoni, kurasa chache za PDF iliyopunguzwa uzito na sauti tatu za dakika tano tano. Kila sauti inaishia na swali, sitoi jibu. Hadi Jumatano saa sita mchana kila mtu awe amejibu mtihani mdogo wa maswali matano, unaojisahihisha wenyewe, na anaruhusiwa kuurudia. Mchana huo naangalia swali lipi limewaangusha. Alhamisi tunakutana moja kwa moja, dakika arobaini basi, kamera ni hiari, na tunashughulika na lile swali tu. Asiyekuwepo anapata maandishi ya ukurasa mmoja. Siku ya Ijumaa ni ya maswali kwenye kundi la WhatsApp, saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, nipo.

Mwisho wa kazi niliuweka saa sita mchana kwa makusudi. Mifumo hii inapenda kufunga milango dakika moja kabla ya saa sita usiku. Saa hizo umeme ukikatika Sumbawanga hakuna wa kumpigia, na mfumo haujui neno huruma. Mchana mtu wa TEHAMA yuko ofisini, na wewe pia.

WhatsApp inahitaji adabu yake. CR, yaani kiongozi wa darasa, awe msimamizi pamoja nawe. Matangazo yawe na kundi lake ambalo wanafunzi hawaandiki, la sivyo tarehe ya jaribio itazikwa chini ya pongezi za siku ya kuzaliwa. Usijibu maswali saa saba usiku hata kama uko macho. Ukijibu mara moja, imekuwa sheria. Na mwanafunzi akikufuata pembeni na swali zuri, lipeleke kundini bila jina lake. Mwenye swali hilo hayuko peke yake, hata kama anaamini hivyo.

Kuhusu akili mnemba sitakaa sana, kila kikao siku hizi kinaishia huko. ChatGPT ilitoka Novemba 2022, na tangu hapo insha ya "jadili faida na hasara za" imekufa, izikwe. Programu za kukamata waliotumia mashine siziamini. Zinakosea, na anayekosewa ni yule binti aliyejitahidi kuandika Kiingereza kilichonyooka. Badilisha kazi yenyewe. Mpeleke sokoni akachukue bei za nyanya kwa wauzaji sita, alete na karatasi aliyoandikia, yenye madoa. Mwambie achukue jibu la mashine, atafute makosa matatu ndani yake, aeleze kwa nini ni makosa. Halafu katika kila kazi chagua watu kumi kwa kura, kila mmoja aje ofisini akueleze alichoandika, dakika tatu. Huhitaji kuwaita wote. Wakijua kwamba jina lolote linaweza kutoka, wote wanasoma walichowasilisha.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na chai imeshafika. Kabla hamjasimama, fungua slaidi za mhadhara wako wa kwanza wa muhula huu. Tafuta ile slaidi unayoipenda kuliko zote, ile yenye mchoro. Ifute. Mahali pake andika swali moja lenye machaguo manne, na kila chaguo la kosa liwe kosa ambalo umeliona kwa macho yako kwenye karatasi ya mwanafunzi, au ulilolifanya mwenyewe ulipokuwa mwaka wa kwanza. Asiye na kompyuta aandike nyuma ya ratiba. Tukirudi tutakaa mchanganyiko, mtu wa sheria na mtu wa kilimo meza moja, na kila mmoja atamuuliza mwenzake swali lake. Mwenzako akipatia bila kuwahi kusoma somo lako, swali hilo ni jepesi, unalitunga upya. Dakika kumi na tano. Anzeni.